Ile Video ya Mama Uiondoe

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Nimesikia baridi imekaza na yule mdogo anakohoa. Mpakeni mafuta kifuani, wala msimwache atembee peku sakafuni. Sisi tu wazima kiasi chetu. Mgongo wangu ni uleule wa kuinamia cherehani. Mama leo anapumua vizuri, na hilo nalitanguliza ili usisome barua hii roho mkononi.

Usishangae kuona karatasi. Mama hataki tena habari zake zipite kwenye simu. Ameketi kitandani, mrija puani, anahakikisha naandika kwa kalamu. Barua utaletewa na bwana wa duka la vitambaa, anasafiri kesho kuja huko. Nimemwambia akukabidhi wewe, si mtu mwingine.

Nianze na ile Jumatano, maana umesikia vipande vipande. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Inveta uliyotuletea, ile ya betri, ikashika, mashine ya oksijeni ya Mama ikaendelea kunguruma kama kawaida, na mimi nikaendelea kupiga pasi sare za shule, arobaini, zilizokuwa zinachukuliwa mchana. Ndiyo, pasi niliichomeka kwenye inveta hiyohiyo. Sikufichi. Na jokofu lilikuwa humo, na shemeji yako alikuwa amechomeka televisheni tangu juzi yake ili asikose mpira. Kila mtu alichukua kidogo, hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kabla ya saa tano inveta ikaanza kulia pii, pii. Nikadhani ni simu ya mtu. Kisha ikanyamaza, na chumbani kwa Mama nako kukawa kimya. Nilipofika, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, midomo imeanza kugeuka rangi. Akaniangalia tu. Mdogo wangu, macho yale sitaki kuyaona tena.

Mtungi wa akiba ulikuwepo, ila mtupu. Tulisema tutaujaza wiki ijayo, na wiki ijayo zikawa tano. Shemeji yako akatoka mbio hadi kwa mchomeleaji wa mageti, akarudi naye wakisukuma jenereta kwenye toroli. Mimi nimemkalisha Mama wima, nampepea kwa kipande cha sare. Shemeji yako, kwa haraka, akataka kuliwashia ukumbini, karibu na mlango. Mchomeleaji akamfokea.

"Shemeji, toa nje hiyo! Moshi wake una sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Unataka kumwokoa mama au kumzika?"

Likawekwa uani, mbali na dirisha, tukavuta waya mrefu. Dakika ishirini na tano zilipita mpaka mashine ikaamka. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, sikuwa na kingine cha kufanya.

Na katika dakika hizo hizo, binamu yetu, huyu tunayemwita Mpasha Habari, alikuwa amesimama mlangoni na simu yake juu. Nilimwona. Sikuwa na mkono wa kumpiga nao. Baadaye ananiambia, "Dada, nilitaka ndugu wajue." Akaitupa kwenye kundi la familia. Kundi gani la familia? Wamo watu mia moja na kumi na mbili! Yumo hata yule aliyekuwa mume wa binti wa shangazi, waliachana mwaka juzi na bado anatutumia salamu za asubuhi zenye maua.

Lakini Mpasha Habari ni Mpasha Habari. Kilichonikata maini ni wewe. Uliichukua video ile, ukaibandika kwenye ukurasa wako kwa watu wote, ukaandika jina kamili la Mama, ugonjwa wake na kliniki anayotibiwa. Niliposema kwa simu uiondoe, ukanijibu watu wanamwombea, ukanihesabia na waliotazama. Elfu tatu! Nilikata simu. Ndiyo maana umepiga mara kumi na moja na sikupokea. Ningekutukana.

Sasa sikia matunda yake. Ijumaa tulikuwa kliniki, tumekaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa. Mama mmoja hata hatumjui akamwinamia: "Samahani, wewe si yule bibi wa video, aliyekuwa anakata roho?" Mama akajifunika mtandio usoni mpaka tulipoingia kwa daktari.

Siku moja kabla, Alhamisi, mtu alimpigia Mama akijiita mfamasia wa kliniki ileile. Anamwita kwa jina, anajua ugonjwa, anataka asomewe namba ya siri iliyoingia kwenye simu ili "dawa zitolewe." Ashukuriwe Mungu, Mama hajalala. Akamuuliza, "Mwanangu, dawa gani hiyo inayomezwa na namba?" Akakata. Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kubwa kuliko yote ni hili. Tangu Ijumaa, mtu yeyote akibisha hodi, Mama anang'oa mrija puani anauficha chini ya mto. Hataki kuonekana nao. Jana jirani alikuja kumjulia hali, akakaa, maongezi yakanoga. Mimi niko kwenye cherehani, nasikia mashine inanguruma, nikajua mambo shwari. Nilipoingia na chai, Mama anatabasamu huku jasho linamtoka. Nikamchomeka kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: themanini na moja, chini mno. Nilimtoa jirani bila hata kuaga. Betri sasa naweza kuilinda, mdogo wangu. Aibu naichomeka wapi?

Kwa upande wa umeme tumejipanga. Fundi amekuja, amefungia soketi moja kwenye inveta, moja tu, na juu yake nimeandika kwa rangi ya kucha: MAMA. Alitueleza kwamba mashine ya Mama inakula wati mia tatu na hamsini, pasi yangu peke yake elfu moja. Betri ikijaa, Mama anapata saa tatu na kitu. Nikiweka pasi, tunamnyang'anya pumzi. Alisema hivyo hivyo, na nililia mbele yake. Kuanzia kesho, kila Jumatatu nitazima swichi kuu nione kama inveta inashika. Mtungi umejaa, uko kando ya kitanda, kwa sababu wenyewe hauhitaji umeme, na muuguzi amenifundisha kuufungua. Namba za kliniki na za mchomeleaji zimebandikwa ukutani, maana siku ile simu yangu nayo ilikuwa imeisha chaji.

Kwa hiyo usitutumie kifaa kingine. Nasikia unataka kununua kamera ya kumwangalia Mama ukiwa huko. Usithubutu. Chumba kile ndicho kilichobaki kuwa chake.

Unachotakiwa kufanya hakina gharama. Ifute video, na maandishi yote yaliyo chini yake. Kila uliyemtumia mwombe aifute, mmoja mmoja, hata kama utaona haya. Mama naye anaona haya. Mpasha Habari ameshafuta yake, nimesimama nyuma ya bega lake. Najua hatutazipata nakala zote. Lakini nataka nimwambie Mama kwamba kwa mwanawe haipo.

Nilipofika hapa nilimsomea Mama yote, nikamuuliza kama nimekuwa mkali mno. Akasema mkali niko, ila nisipunguze. Kisha akaniambia niongeze maneno yake, kama alivyoyatamka:

"Mwambie sikukasirika kwa kuwa aliniombea dua. Amewaambia watu elfu tatu kwamba naumwa, na mpaka leo hajanipigia mimi kuniuliza naendeleaje."

Shemeji yako anakusalimu, na fundi, na mchomeleaji anauliza lini utakuja. Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa mzima.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna.