Mama wa Taifa na Pacha wa Jirani

Mpendwa Wairimu,

Bwana asifiwe. Hapa mtaa wa Umoja tuko salama. Babako alikohoa sana, sasa ana nafuu. Umeniuliza kama ni kweli, vile mwalimu wenu husema, kwamba nchi ni mama. Swali lako limeninyima usingizi.

Nilipoolewa na kuhamia hapa, wanawake wa mtaa tuliitwa mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya taifa. Kiongozi akataka wenye watoto mgongoni pekee, ili wageni wamwone mama wa taifa. Mimi sikuwa nimejaliwa bado. Nikasimama pembeni.

Jirani yangu Mama Opiyo alikuwa na pacha. Opiyo alibaki mgongoni kwake. Yule wa pili, Odongo, mamake akanifungia mimi mgongoni kwa leso. Akaniambia, "Wanjiku, inama vizuri, huyu ni mzito!"

"Huyo si wake!" kiongozi akafoka.

"Kwani ulitaka mama ama ulitaka cheti cha kuzaliwa?" Mama Opiyo akamjibu.

Uwanja mzima ulicheka. Nilicheza mpaka Odongo akanikojolea.

Jibu langu ni hili, mjukuu wangu. Hata leo, nikisikia nchi ikiitwa mama, macho yangu hayatulii, yanatafuta ni nani ameachwa pembeni.

Mungu akufunike huko shuleni.

Cucu wako