Ile Barua Niliyokwambia ni Matangazo

Mpendwa Mama Neema,

Nimesikia kwa watu wa Morse Road kwamba umepata nyumba huko Buffalo, ina ngazi za mbao mbele, na Neema ana chumba chake peke yake. Ilinipasa nianze kwa kukupongeza. Lakini tumejuana vya kutosha, basi nianze na ukweli: niliposikia, roho iliniuma. Hata sasa ninavyoandika bado inaniuma.

Unakumbuka mlipohamia chini yetu pale Northland? Nilisikia Kiswahili ngazini, nikashuka na sufuria ya wali bila hata kuvaa viatu. Ulinicheka ukasema naongea kama redio. Nami nikakicheka Kiswahili chako, na siku hiyohiyo tukawa ndugu.

Haikupita muda ukapata kazi ghalani. Kila asubuhi nilisimama dirishani nikikutazama unavyovuka kwenda kituo cha basi, kitambulisho kikining'inia shingoni. Mimi niliyekuwa mfamasia Tanga, watu wakinipangia foleni, nilikuwa na viza ya mke wa mfanyakazi. Kampuni ilimleta mume wangu, nami nikaja naye kama sanduku lake. Kazi kwangu ilikuwa marufuku, hata ya kufagia. Wewe hukumaliza darasa la nne, na ruhusa ya kazi ulikuwa nayo tangu uliposhuka kwenye ndege. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele, na nilizihesabu kila siku nikiosha vyombo.

Siku moja nilikwambia wakimbizi mna bahati, mnaletewa kila kitu mezani. Ulikuwa unakoroga sombe, kisamvu chenu, na hukukasirika.

"Bon, dada," ulisema, "kwenu Tanzania nilikaa kambini miaka kumi na ine. Hata kwenda kutafuta kuni, nilikuwa naomba karatasi. Huku wananipa karatasi ya kazi. Mungu iko."

Nilipaswa kuona aibu, maana hiyo "kwenu" ni kwetu hasa. Sikuona. Nilirudi juu nikiwa na hasira zaidi, kwa sababu sasa hata kukuonea wivu kwa amani nilikuwa siwezi.

Halafu zile bahasha. Kila iliyotoka serikalini uliniletea ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko uleule wa nailoni. Hukufungua hata moja. Ulisema kambini ulijifunza kwamba karatasi ya serikali hufunguliwa na anayeijua. Kiingereza cha Neema wakati ule kilikuwa cha kusalimia tu, kwa hiyo msomaji wako nilikuwa mimi. Mwaka wako wa kwanza ulipotimia nilikujazia fomu za green card kwa mkono wangu, mwandiko mzuri kabisa. Nilijivunia, na nilitamani jina lililo juu ya fomu lingekuwa langu.

Siku ilipofika barua ya kukuita ukachukuliwe alama za vidole, nilikuwa nimetoka kujua kwamba foleni ya green card ya mume wangu haijasogea. Niliisoma yote, tarehe, saa, na jengo la kwenda. Ulikuwa umekaa mbele yangu na nguo za kazi, mikono juu ya magoti.

"Ni matangazo tu," nilikwambia.

Ukasema aksanti dada, ukashuka. Barua niliichana.

Iliyofuata ilisema hukutokea, na faili lako liko hatarini kufungwa. Ulilia sakafuni kwangu. Ulidhani watakurudisha kambini. Niliwapigia simu, nikaandika barua ya kuomba miadi mipya, nikasema posta imepoteza ile ya kwanza. Walikubali, lakini ulisubiri miezi mingi, hulali, unakonda, na kila siku unapanda kuniuliza kama kuna habari. Kadi ilipotoka uliniletea sombe sufuria nzima kunishukuru. Nilikula, Mama Neema. Nilikula mpaka nikamaliza.

Kisha mkamfuata kaka yako Buffalo, na mimi nikapumua.

Sasa sheria imebadilika. Sisi wake ambao waume zetu wako kwenye foleni ya green card tumeruhusiwa kuomba kibali cha kazi, na changu kimefika juzi. Niliiweka bahasha mezani tangu asubuhi hadi jioni bila kuifungua. Nilitamani mtu wa kunisomea. Nikawapitia wote ninaowajua hapa, na kila mmoja nikajiuliza: na huyu je, akiwa kama mimi?

Niliifungua mwenyewe. Picha yangu kwenye kibali haipendezi. Nilitaka kukuonyesha wewe kabla ya mume wangu.

Ningeweza kupiga simu, lakini ungeanza kucheka kwa furaha na kunisamehe kabla sijasema lolote. Ndiyo maana nimeandika, ingawa najua barua hii huisomi wewe.

Neema mwanangu, najua ni wewe unayesoma. Kiswahili ulikisoma shule ya kambini, na sauti yako mama yako anaiamini kama alivyoiamini yangu. Umefika pale pa matangazo ukasita, ukamtazama, labda ukaruka. Rudi pale. Msomee kila neno.

Jirani yenu wa juu,
Rehema