Jemadari Wangu Anakufa Kila Jumapili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili ijayo, na tafadhali usinicheke, ama ukicheka ucheke ukiwa peke yako, kwa sababu hapa Kitengela tayari niko na watu watatu wa kunicheka.

Mimi ni mtu wa mjengo, miaka thelathini na tisa, kwetu ni Mwingi, mke na watoto wako huko, na shule niliachia darasa la sita. Miaka kumi na moja nimebeba mawe na kuchanganya kokoto, na pale kazini hakuna anayejua jina langu, wananiita "wewe wa mchanga". Mwaka jana tulikuwa tunajenga ukuta kwa ploti moja ya kupangisha, na mpangaji mmoja anayeitwa Nashon, karani, akaniona nikichungulia meza yake kupitia mlangoni, akaniuliza, "Fundi, unajua kucheza?" Nikamwambia sijui hata hicho ni kitu gani. Akasema, "Nawa mikono uingie, mwenzetu wa nne amehamia Namanga."

Mshauri, hivyo ndivyo nilivyoingia vitani. Ni mchezo wa majeshi ya kubuni, askari wa plastiki wenye kimo cha kidole gumba, tunawapaka rangi wenyewe, tunawapanga mezani, tunapima hatua zao kwa futi, na tunarusha dadu kujua nani ameanguka na nani amesimama. Sisi ni timu ya wanne, mimi na Nashon na Mugo wa duka la vifaa vya ujenzi na Caro ambaye ni mwalimu, na Jumapili baada ya kanisa tunacheza na wageni kutoka Rongai au Athi River, ambao huja na mazimwi yao na mifupa inayotembea. Mimi nilipewa jemadari wetu aliyepanda farasi, ana upanga, ana manyoya kwa kofia, na farasi ameinua mguu mmoja kama anayeogopa matope. Kanuni ni kwamba askari wa miguu wakiwa karibu naye, shibiri moja hivi, hawakimbii hata wakipigwa vibaya, lakini akifa yeye, kila kikosi kinarushiwa dadu, na wengi wanakimbia.

Sasa shida yangu ni kwamba anakufa. Anakufa kila Jumapili, zamu ya pili, akichelewa sana zamu ya tatu. Namtuma mbele ya watu wote, peke yake, anafika kwa mazimwi, anakatwa, jeshi linatawanyika, na sisi tunaanza kurudisha vitu kwa katoni wakati chai haijapoa. Caro ananiuliza, "Munguti, huyo ni jemadari ama ni bodaboda? Anawahi mbele ya kila mtu na anakufa na helmeti yake." Mugo naye haniulizi tumeshinda au tumeshindwa, anauliza, "Leo amefika mbinguni saa ngapi?"

Wanafikiri sielewi kanuni. Naelewa. Ukweli ambao sijawaambia ni kwamba siwezi kumwona mtu amekaa juu ya farasi huku wengine wanakufa kwa miguu. Nyapara wetu, Gakuru, ana kiti cha plastiki chini ya mabati, anakaa hapo na simu yake tangu asubuhi, na sijamwona akiinua hata jiwe la kuegemeza mlango, lakini akiona umesimama kunywa maji anapiga kelele mpaka ng'ombe wa Wamasai wanageuka kumwangalia. Kwa hivyo nikishika huyu wa farasi mkono wangu unasema wenyewe, wewe leo utatangulia, wewe leo utaionja. Halafu wale askari wa miguu niliwapaka rangi mimi, mmoja nimempaka gambuti za kijani kama za Kasyoki tunayebeba naye mawe. Nitamwacha vipi Kasyoki atangulie?

Jumapili iliyopita Nashon alikasirika kwa mara ya kwanza. Alisema wiki ijayo tunaenda Ngong kucheza na timu kubwa ya huko, na kama siwezi kuahidi kwamba jemadari atakaa nyuma, basi nimpe Mugo farasi, na kama sitaki hilo pia, basi watatafuta mtu mwingine. Nilitoka nje nikajifanya naongea na simu. Mke wangu ananiambia, "Baba Ndanu, achana na vifarasi vya watoto, ulale upumzike." Lakini mshauri, wiki nzima ile meza ndiyo mahali pekee ninaitwa jina langu. Nikiahidi nitakuwa mwongo, maana naujua mkono wangu, na nikikataa narudi kuwa wa mchanga siku saba. Nifanye nini?

Munguti, Kitengela

*

Munguti,

Nimecheka, na sikuwa peke yangu, tulikuwa ofisi nzima. Pole. Baadaye nikaisoma barua yako mara ya pili nikakasirika kidogo, sasa kaa chini nikwambie.

Hasira yako ninaielewa. Mtu akipigiwa kelele miaka kumi na moja na kiti cha plastiki, lazima atafute mahali pa kuimwaga. Lakini hebu hesabu maiti. Kila Jumapili unamwadhibu Gakuru, na Gakuru hajui. Yuko chini ya mabati yake, mzima, anatazama simu. Anayebaki uwanjani bila wa kumsimamia ni yule wa gambuti za kijani. Unasema huwezi kumwacha atangulie. Umemwacha akimbie na kuchinjwa mgongoni, baba, tena kila wiki, ili moyo wako upoe. Nyapara wako hupoza moyo wake hivyo hivyo, kwa migongo ya wengine. Inauma kusikia? Vizuri.

Nashon naye amekosea kukwambia "nyuma". Kanuni uliyoniandikia mwenyewe inasema shibiri moja. Shibiri si mbali. Hapo jemadari anasikika, anaonekana, na mshale ukija unaweza kumpata. Kwa hiyo usiahidi kukaa nyuma, maana hutaweza. Ahidi kwamba hatazidi shibiri moja kutoka kwa watu wake, na wakiingia vitani ataingia pamoja nao, zamu hiyo hiyo. Ahadi hiyo mkono wako utaikubali, kwa sababu utakuwa unamlinda Kasyoki.

Kabla ya Ngong, mwombe Nashon mcheze jioni moja nyinyi wawili tu. Pima shibiri kila zamu, kwa sauti. Mkono ukikuwasha, ukalie.

Na kama bado watataka farasi aende kwa Mugo, mpe bila kununa, wewe uchukue askari wa miguu. Nani atawaongoza vizuri kuliko aliyewapaka rangi?

Kuna kosa lingine, na hili ndilo kubwa. Umenieleza mimi, nisiyekujua, habari za kiti na mabati na kuitwa wa mchanga, na watu unaokunywa nao chai kila Jumapili hujawaeleza neno. Wao wanamcheka mtu asiyejua kucheza. Huyo mwingine, aliyeniandikia mimi, hawajawahi kuonyeshwa. Waambie wiki hii, kabla ya kupanga askari. Anza na Caro. Atacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye atakayeacha kucheka wa kwanza, akuulize habari za Kasyoki.