Faili la Pamoja Aliloniachia Deo

Mugoma, Jumanne, 11 Novemba

Kaka Deo,

Mvua imenyesha tangu alfajiri, nami leo nimekosea, tena vibaya.

Lile faili la pamoja uliloandika kabla ugonjwa haujakuchukua bado linatubeba. Kitufe, tarehe, kisanduku cha tangazo: uliviandika mara moja, na kila tovuti ninayoitunza inavichota humo. Jana akina mama wanaouza vikapu waliniomba tangazo lisilo na picha lisionekane kwenye tovuti yao. Badala ya kurekebisha ukurasa wao, nikaenda kwenye faili la pamoja, nikaandika: kisanduku kisicho na picha kijifiche.

Kikajificha kila mahali.

Asubuhi akanipigia Mzee Filemoni, katibu wa kikundi chetu cha kuzikana. Nikamwamkia shikamoo; marahaba yenyewe aliimeza nusu.

"Vene, tangazo la msiba wa Bibi Agata nimeliweka kwenye tovuti ya kikundi tangu jana jioni, halionekani! Watu wa ng'ambo ya bonde wanalima, na marehemu yuko ndani! Au kompyuta yako nayo imekwenda kupanda maharage?"

Bibi Agata hakuwahi kupigwa picha, hivyo tangazo lake halikuwa nayo. Mazishi yalikuwa saa tisa. Nawe unajua, kwetu jembe haliingii shambani kabla marehemu hajazikwa. Wafiwa wangeona wametengwa.

Nilifungua faili. Juu ya mstari nilioubadilisha kulikuwa na maelezo yako: "Vene, hapa ni pa wote. Cha mmoja kiandike kwake."

Nakiri, maelezo yako huwa nayaruka. Yanaongea kama wewe.

Nikaufuta mstari wangu, nikauhamishia kwenye ukurasa wa vikapu. Tangazo likarudi. Kufikia saa nane watu walikuwa wanapanda kutoka bondeni, wengine na matope hadi magotini.

Mzee Filemoni aliponiona akasema, "Haya, imerudi kutoka shambani." Nikacheka hapo hapo msibani, Mungu anisamehe.

Jioni hii nimesoma maelezo yako yote, kutoka juu hadi chini. Asante kwa kila moja, hata lile la kunitania kwamba sijui kufunga mabano.

Chini ya yale yaliyoniokoa leo nimeongeza ya kwangu, nikaandika na jina. Siku nitakapokuwa sipo, atakayelifungua faili hili anikumbuke.