Chupa ya Ozi Iliyong'aa Kijani

Levi, ninatangaza rasmi kwamba sayansi ya Garsen imepata shujaa mpya. Shujaa mwenyewe amejificha chooni, anakuandikia kwa simu ya matroni.

Yule Daktari Bahiya, mtafiti wa kipindupindu, alikuja maabara yetu shuleni na chupa ya maji ya mto kutoka kijiji cha Ozi. Ana kijioo chenye vijifereji vyembamba kama unywele. Tone la maji linapita humo, linamulikwa kwa taa, na kipindupindu kikiwemo panang'aa kijani.

Alipogeuka nikamwaga maji yake, nikajaza ya tangi la bweni. Nilidhani yetu ni safi, kijioo kisingeng'aa, naye aaibike.

Ikang'aa. Levi, iling'aa kijani.

Akashika simu awaonye watu wa Ozi. Kisha akainua chupa dirishani. "Tangu lini mto Tana ukawa na maji meupe hivi? Nani ameigusa?"

Darasa zima likaniangalia mimi.

"Ni mimi, madam. Hayo ni ya tangi letu."

Hakunigombeza. Aliuliza tu nani anaumwa tumbo.

Nimekutaja wewe uliyerudishwa nyumbani jana. Gari la hospitali linakuja kukuchukua kwenu Minjila. Usimwambie mama yako tena kwamba ni maembe yaliyokuumiza tumbo.