Mchanga Mkavu Kwenye Shimo la Kaa

Berea, Johannesburg

Kwako mume wangu, Baba Rehema,

Assalaam alaykum. Natumaini mgongo wako umepoa na mama mkwe anaendelea vizuri na macho yake. Rehema je, kile kikohozi kimeisha? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku imeingia mapema, nasuka nywele za watu vidole vimekufa ganzi, ila wateja wapo, alhamdulillahi. Moyo ndio unaoumwa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukicheka nasahau nilichokusudia. Barua anakuletea Bi Saumu, jirani yangu, anayekuja Tanga harusini.

Juzi wifi yangu, dada yako, alinitumia video ya Rehema akikimbia ufukweni. Nilikuwa saluni namsuka mteja. Mara ya kwanza niliitazama kwa furaha. Mara ya pili nikakuona nyuma ya mtoto umechuchumaa, na ubavuni kwako amechuchumaa mwanamke mwenye kofia pana. Mama Gloria, yule Mkongomani ninayekaa naye chumba kimoja na kusuka naye saluni, akachungulia simu.

"Ule si bwana yako? Na ule mwanamuke ni nani?"

"Mgeni wa chuo. Anasoma habari za kaa."

"Eish. Ni kaa njo inamuchekesha vile?"

Nilivuta nywele za mteja mpaka akalalamika.

Uliniambia kuna mgeni amefika hapo kijijini anauliza habari za kaa. Hukuniambia kwamba ni mwanamke, wala kwamba ana meno meupe hivyo. Lakini si kofia wala meno yaliyoninyima usingizi. Ni mkono wake. Alikuwa anamimina mchanga mkavu ndani ya shimo.

Nani amemfundisha? Mgeni hulivamia shimo la kaa kwa pupa, mchanga unaporomoka, njia inapotea, na kaa yuko zake chini amejibanza. Shimo lenyewe linashuka mshazari kisha linapinda. Ndiyo maana ninyi mnamimina ule mchanga mkavu mweupe wa juu, kisha mnachimba taratibu mkiufuata weupe hadi kwa mwenyewe. Hiyo kwenu ni siri ya kupata kaa wa chambo cha kuvulia samaki, na marehemu baba yako hakuwafundisha hata majirani. Mimi mlinionyesha baada ya posa kupokelewa, si kabla. Mama yako alisema, "Sasa umekuwa wa nyumba hii," nawe ukanishika mkono, tukamimina pamoja.

Basi niambie, yule binti amekuwa wa nyumba gani?

Utasema nina wivu. Ninao, sikatai. Nawaonea wivu hata hao kaa wanaokuona kila asubuhi. Jana nilipita Braamfontein, mahali wanapojenga, nikakuta lundo la mchanga. Nikatoboa shimo kwa kidole, nikamimina mchanga mkavu, nikaanza kuchimba. Mlinzi akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, mume.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua. Kwa hiyo nakuuliza tu, nawe unijibu kwa mwandiko wako, umpe Bi Saumu akirudi. Kama hakuna kitu, andika hakuna kitu, nitakuamini. Kama kipo, andika pia, nijue kama bado nina nyumba ya kurudi. Ila usininyamazie. Kaa akikutwa mbali na shimo lake hujizamisha mchangani akabakiza macho nje, akidhani haonekani. Mimi nimeolewa kwenu, Baba Rehema. Macho hayo nayaona.

Nisalimie mama mkwe, mwambie blanketi lake nimempa Bi Saumu. Nisalimie wifi yangu, mwambie nashukuru kwa video, azidi kunitumia, na siku nyingine asogee karibu zaidi. Mwanangu Rehema mbusu, na umwambie mambo ya mchanga mkavu ni ya nyumbani, asimwonyeshe mtu.

Ni mimi mkeo, uliyemposa kwanza ndipo ukamwonyesha,

Mwanaidi