Ndege wa Dirisha la Ghorofani

Dada Zuwena,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sote wazima, joto tu latuunguza.

Juzi nilikwenda sinema, onyesho la wanawake la mchana. Katika filamu, Wazungu wawili wazee walikuwa wakishindana nani ataona ndege wengi, wakasukumana matopeni kwa ajili ya korongo mmoja. Tulicheka mpaka mabuibui yakatuvuka. Mjomba aliposikia alifoka: "Sinema basi! Mwanamke na ndege, wapi na wapi?"

Nikamwambia, "Tushindane kuona ndege, Mjomba. Nikishinda, utatupeleka sinema wewe mwenyewe."

Asubuhi alishuka njiani na bakora yake, na kila ndege akaruka. Mimi nilikaa nyuma ya dirisha la ghorofani, pale anapotaka tukae ili tusionekane. Ndege nao hawakuniona. Kufika adhuhuri yeye alikuwa na kunguru na njiwa. Mimi nilikuwa na tisa, mkewe shahidi, na ndege mmoja mdogo, chozi, alitua kwenye asumini, karibu nimguse.

Jana Mjomba alitungoja nje ya sinema, juani.

Mungu akuweke, dada. Najua Baba ataisoma kadi hii kabla yako. Ndiyo maana sikuitia kwenye bahasha.

Nduguyo akupendaye,
Rukia